Jamhuri Barazani kwa Mzee

Wiki ijayo ni Sikukuu ya Jamhuri. Ukishuka Barabara ya Digo hapa Mombasa siku hizi utawakuta vijana wakipenya katikati ya matatu na tuktuk, mikono imejaa vibendera vya plastiki. Tarehe 12, baada ya hotuba ya Rais kusomwa, mji wote utahamia Mama Ngina, kando ya bahari. Familia zitatandika mikeka chini ya mibuyu, watoto watakula mihogo ya kukaanga iliyokamuliwa ndimu na kunyunyizwa pilipili, na meli zitapita karibu sana zikielekea Kilindini, hata mtoto aweze kumpungia mkono baharia naye akajibiwa. Naipenda siku hiyo. Nimeipenda tangu utotoni, na sitaki lolote nitakaloandika hapa likupunguzie furaha yake.

Nataka tu nikusimulie kisa cha kibendera kimoja.

Miaka tisa iliyopita tulikuwa tumepanga Kibokoni, Mji wa Kale, katika kichochoro ambacho mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Mlango wetu ulitazamana na wa mzee mmoja, fundi wa kushona kanzu, ambaye macho yalikuwa yamekwisha kumlazimisha kuiacha cherehani. Kila alfajiri tulipishana, yeye akirudi msikitini, mimi nikienda kufungua kanisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wazima nyumbani?"

Ramadhani ilipofika, sahani ya kaimati ilivuka kichochoro kuja kwetu. Krismasi, sahani ya pilau ilivuka kwenda kwake. Hatukuwahi kukwaruzana hata siku moja.

Mkesha wa Jamhuri wa mwaka huo, watoto wangu na wenzao wa mtaani walichanga pesa zao, wakanunua vibendera, wakachomeka kimoja katika kila mlango. Kichochoro kilipendeza. Asubuhi nilipotoka nilimwona mzee amesimama mlangoni pake. Alikichomoa kile cha kwake polepole, akakikunja mara mbili, akakitia mfukoni mwa kanzu, akaingia ndani. Hakukichana wala hakukitupa. Hakusema neno.

Mimi ndiye niliyesema, moyoni mwangu. Nilisema: "Kumbe." Neno hilo ni dogo, lakini ukilipa nafasi kifuani linaanza kuzaa. Kumbe ndivyo alivyo. Kumbe miaka yote hii. Kumbe salamu zile. Tangu siku hiyo maneno ya salamu yangu yalibaki yaleyale, ila yalipungukiwa uzito. Nikaanza kutoka nyumbani mapema kidogo ili tusikutane. Hali hiyo ilidumu miezi sita. Kila Jumapili nilisimama madhabahuni nikihubiri upatanisho, na kila Jumatatu nilimkwepa jirani yangu.

Je, mpendwa, umewahi kumhukumu mtu kwa jambo uliloliona kwa macho yako, bila kumuuliza? Usijibu haraka. Nami sikujibu haraka, kwa sababu nyuma ya swali hilo kulikuwa na jingine lililonichukua muda mrefu zaidi: hasira ile ilikuwa ya nini hasa?

Nilipokaa mbele za Mungu na swali hilo, niliona kwamba haikuwa ya bendera.

Baba yangu alishuka kutoka bara akiwa kijana, kutafuta kazi ya kupakua mizigo Kilindini. Januari 1947 alikuwa mmoja wa maelfu waliogoma katika mji huu, watu wa bandarini, wa relini, wa hotelini, hata wapishi wa majumbani, kwa karibu wiki mbili. Walikuwa wakikutana mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini. Alimkumbuka Chege Kibachia, aliyewaongoza, ambaye serikali ilimkamata mwaka huohuo na kumpeleka uhamishoni. Kwa baba yangu uhuru haukuwa neno la hotuba. Alitusimulia kwamba usiku wa Desemba 1963 alitembea kisiwa kizima kwa miguu, kutoka Kilindini hadi Ngomeni, kwenye ngome kongwe ya Mji wa Kale, bila shughuli yoyote, kwa sababu tu hapakuwa na wa kumuuliza anakwenda wapi. Alipokuwa akisimulia alikuwa akitabasamu kama kijana. Nilikua na tabasamu lile, na kila nionapo bendera ya Kenya naliona.

Kisha ikaja Agosti 1997. Vurugu zilipozuka Likoni, watu wa bara waliuawa na wengine wakachomewa nyumba. Maelfu walikimbilia viwanja vya Kanisa Katoliki la Likoni. Shangazi yangu alikuwa miongoni mwao. Alivuka feri na kitita cha nguo, na hajarudi ng'ambo ile tena. Miaka ilipita, yakaanza kuandikwa kutani maneno yale, Pwani si Kenya, na kila nilipoyasoma nilimkumbuka shangazi na kitita chake.

Kwa hiyo asubuhi ile sikumwona mzee. Nilimwona aliyemchomea shangazi nyumba. Nilimtwika fundi wa kanzu mzigo wa watu ambao pengine hata hakuwajua, nikautwika kimyakimya, naye akiendelea kuniuliza kila alfajiri kama nyumbani ni wazima. Dhambi ya namna hii huoni damu yake wala husikii kelele zake, ndiyo maana mtu anaweza kuishi nayo muda mrefu na bado akaimba vizuri kanisani.

Ramadhani ikafika. Sahani ya kaimati ikavuka kichochoro kama kawaida, kana kwamba hakuna lililotokea. Siku ya pili nikamwambia mke wangu airudishe na kumshukuru mzee. Mke wangu alikuwa ameiosha na kuipanga ndizi za kisukari, kwa sababu sahani ya jirani hairudi tupu. Akaniwekea mezani.

"Baba watoto," akasema, "mimi nimeiosha. Miguu ya kuipeleka ni yako."

Nilimkuta mzee barazani usiku, baada ya tarawehe. Muuza kahawa alikuwa akishuka na dele lake, akigonganisha vikombe.

"Ndoo ukae, mwanangu," mzee akasema, akaniagizia kahawa tungu.

"Mzee, nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini?"

Nikamweleza yote. Kibendera, miezi sita, baba yangu na Kilindini, shangazi yangu na feri. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikaa kimya mpaka kahawa yangu ikapoa, na nikadhani nimemuudhi zaidi. Kisha akaanza kusimulia ya kwake.

Ili umwelewe, mpendwa, lazima nikupitishe kidogo katika historia ya mji huu. Kwa mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895, Waingereza walikubaliana na Sultani wa Zanzibar kuutawala ukanda wa pwani wa maili 10 kwa niaba yake, wakimlipa pauni 11,000 kila mwaka. Mombasa ikawa makao ya serikali yao mpaka yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1905. Lakini juu ya Ngome bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea, na kwa watu wengi wa Mji wa Kale hiyo ndiyo iliyokuwa bendera ya kwao. Uhuru ulipokaribia, wapo waliotaka Mwambao ujitawale wenyewe. Oktoba 1963 mambo yakaamuliwa: Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, wakabadilishana barua, Sultani Jamshid akaiachia Kenya ukanda wote, na Kenya ikaahidi kulinda uhuru wa ibada, mahakama za kadhi na hati za ardhi. Mahakama hizo zimo katika Katiba yetu ya 2010 hadi leo.

Hayo mimi niliyajua vitabuni. Mzee aliyajua kwa madirisha ya nyumba yao.

Alikuwa na miaka 10. Siku ya uhuru, Desemba 1963, baba yake, naye fundi wa kanzu, alifunga madirisha yote ya mbele. Hakuwa tajiri wala mtu wa siasa. Alikuwa ameishi maisha yake yote chini ya bendera moja, na aliogopa kwamba kesho yake angeamka mgeni katika mtaa aliozaliwa. Mtoto alisikia ngoma kutoka nje, damu ya utoto ikamwasha. Kaka yake mkubwa akamtoa kwa mlango wa uani, wakaenda Ngomeni, wakaona umati, wakacheza mpaka miguu ikachoka. Waliporudi usiku, baba yao alikuwa ameketi gizani. Mtoto akajua leo ni leo, kiboko kinamsubiri.

"Umeona nini?" baba akauliza.

"Nimeona watu wanacheka, baba."

"Wengi?"

"Wengi."

Baba akanyamaza. Kisha akasema, "Alhamdulillahi. Nenda ukalale."

Asubuhi macho yake yalikuwa yamevimba.

"Baba hakuichukia ile bendera," mzee akaniambia. "Lakini mlango huu aliuweka yeye. Sikuweza kuutia bendera mlango wake. Walakini cha wanao ninacho." Akaingia ndani, akarudi nacho, kimekunjwa vilevile mara mbili. Alikuwa amekihifadhi katika saraka ya cherehani. "Walionitilia ni watoto. Kitu cha watoto hakitupwi."

Naomba tukae hapa kidogo, mimi na wewe, juu ya yule baba aliyeketi gizani. Moyo wake umevunjika. Nje watu wanashangilia jambo lilelile lililouvunja. Mwanawe amekwenda kushangilia nao. Anaweza kumpiga, na hakuna ambaye angemlaumu. Anaweza kumwambia mtoto maneno makali juu ya wale watu, na mtoto angeyabeba maisha yake yote kama urithi. Badala yake anauliza kama waliofurahi ni wengi, na anamshukuru Mungu kwa ajili yao. Kisha analia peke yake. Kati ya watu waliofurahi usiku ule alikuwamo baba yangu, akizunguka kisiwa kwa miguu yake isiyoulizwa swali. Yule fundi hakumjua baba yangu, lakini alimshukuria Mungu. Nimehubiri juu ya upendo kwa miaka mingi, na sidhani kama nimewahi kuueleza vizuri kuliko alivyoueleza Mwislamu yule kwa neno lake moja.

Katika sura ya tatu ya kitabu cha Ezra kuna jambo ambalo nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila kulisikia. Wayahudi wamerudi kutoka uhamishoni, wameweka msingi wa hekalu jipya, na ni sikukuu kubwa. Makuhani wanapiga tarumbeta. Watu wanashangilia. Lakini wazee walioiona nyumba ile ya kwanza wanalia kwa sauti kuu. Mwandishi anatuambia kwamba kelele zilisikika mbali, na hakuna aliyeweza kutenganisha sauti ya furaha na sauti ya kilio. Sura inaishia hapo. Hakuna nabii anayesimama kuwanyamazisha wazee waache kuharibu sherehe. Hakuna anayewakemea wanaoshangilia kwa kuwasahau waliotangulia. Mungu anazipokea sauti zote mbili juu ya msingi mmoja, na nyumba inajengwa.

Kwa nini basi sisi tunataka sikukuu ziwe na sauti moja tu? Labda ni woga. Tunaogopa kwamba machozi ya jirani yakikubaliwa, furaha yetu itaonekana si halali. Mimi niliogopa hivyo. Nilidhani kwamba nikiisikiliza huzuni ya mzee nitakuwa nimemsaliti baba yangu, na nimemsahau shangazi. Haikuwa hivyo. Tabasamu la baba yangu liko palepale. Limepata tu mwenzake wa kukaa naye barazani.

Na si sisi peke yetu duniani. Huko Ulaya, Warumania huadhimisha tarehe 1 Desemba, siku ambayo mwaka 1918 ilitangazwa kwamba Transilvania inaungana na nchi yao. Katika miji ya Transilvania wanaishi pia Wahungaria, ambao kwao siku hiyo ni ya kupotewa, na moyo wao uko tarehe 15 Machi, siku ya mapinduzi yao ya 1848. Ni majirani, milango inatazamana kama yetu ya Kibokoni, na kila mwaka lazima waamue namna ya kusalimiana asubuhi ya sikukuu ya mwenzao.

Ngome yetu yenyewe imeziona asubuhi kama hizo mara nyingi. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Desemba 1698, baada ya kuzingirwa miaka miwili na zaidi, ikaingia mikononi mwa Waomani. Waingereza wakaigeuza gereza. Leo ni makumbusho, na watoto wa shule wanakimbizana juu ya kuta zake. Kila bendera iliyopanda pale, kulikuwa na aliyepiga vigelegele na aliyefunga dirisha, na mara nyingi walikuwa wakichota maji kisima kimoja.

Narudi barazani. Nilikuwa nimemweleza mzee habari za shangazi yangu, nami nilidhani zimempita. Nilipoinuka kuaga, akaniuliza:

"Shangazi yako yu hai?"

"Yu hai, mzee. Yuko Voi."

"Mpe salamu zangu. Mwambie mimi mzee wa Mji wa Kale namwomba radhi kwa aliyotendewa huku kwetu."

Nikamwambia, "Mzee, si wewe uliyemtenda."

Akasema, "Najua. Lakini aliyemtenda hatakwenda."

Nilizipeleka salamu hizo kwa mdomo wangu mwenyewe. Shangazi alisikiliza, akakaa kimya, akachambua mboga zake mpaka zikaisha. Kisha akaniuliza kama bado wanauza mkate wa sinia kule Kibokoni. Safari iliyofuata nilimpelekea. Hajarudi Mombasa hadi leo, na simlazimishi. Msamaha una mwendo wake, na anayeumia ndiye anayejua hatua ijayo ataiweka lini. Sisi wengine kazi yetu ni kupeleka mkate.

Je, yuko mtu katika maisha yako anayesubiri salamu za namna hiyo? Si lazima uwe wewe uliyemkosea. Labda aliyemkosea ni ndugu yako, au kabila lako, au kanisa lako, na mwenye kosa hatakwenda. Waweza kwenda wewe?

Siku hizi hatuishi tena Kibokoni, lakini tarehe 12 Desemba kila mwaka, baada ya kuifikisha familia Mama Ngina, napita kwa mzee saa kumi jioni. Desemba 2024 ilipokuwa inaisha, zikaja habari kwamba Jamshid bin Abdullah, yule Sultani aliyeiachia Kenya ukanda wa pwani, amefariki Muscat. Mapinduzi ya Januari 1964 yalikuwa yamemng'oa Zanzibar mwezi mmoja tu baada ya bendera yake kushushwa Ngomeni. Akaishi Portsmouth, Uingereza, kwa zaidi ya nusu karne, akaruhusiwa kwenda Oman mwaka 2020, akiwa mkongwe. Niliposikia, nilivaa shati safi nikaenda kumpa mzee mkono wa pole. Alishangaa kuniona. Akaushika mkono wangu muda mrefu kuliko kawaida, na hatukuzungumza sana. Miaka tisa iliyopita nisingeweza kufanya hivyo. Nisingejua hata kwamba kuna msiba.

Uaminifu wa kila siku ninaouona katika haya yote ni mdogo, na mtu anaweza kuupita bila kuuona. Ni salamu ya alfajiri isiyokoma hata pale mwenzako anapoanza kukukwepa. Ni sahani inayovuka kichochoro mwaka wa sita kama ilivyovuka mwaka wa kwanza. Mzee alijua kwamba namkwepa. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akizisikia hatua zangu zikitoka mapema. Hata hivyo kaimati zilikuja. Bwana wetu alipotufundisha kusamehe, naamini alikuwa akitazama watu wa namna hiyo, wanaoendelea kupika kwa ajili ya jirani kabla jirani hajaomba radhi.

Mwaka jana nilipofika barazani, mzee aliniuliza swali ambalo sasa huniuliza kila Jamhuri, kwa kuwa macho yake hayamwezeshi tena kwenda kujionea.

"Wamekuja watu Mama Ngina?"

"Wamekuja, mzee."

"Wengi?"

"Wengi."

"Alhamdulillahi," akasema, na akamwita muuza kahawa.

Mpendwa, shangilia Jamhuri yako wiki ijayo. Peperusha bendera, kula mihogo, wapandishe watoto mabegani waone meli. Na kabla jua halijatua, mtembelee jirani mmoja ambaye siku hii nyumbani kwao ilikuwa tofauti na kwenu. Kaa. Muulize ilikuwaje, kisha mwache asimulie mpaka amalize. Akikuuliza ya kwenu, nawe msimulie.